Kichwa Kinachorudi Kila Mwezi Si Taifodi

“Daktari, mbona taifodi yangu haiponi?” Naulizwa hivyo na watu wa mitaa ya Eastlands, Nairobi: Umoja, Kayole, Dandora na Buruburu, na kila anayeuliza ana karatasi ndogo ya maabara ya mtaani: Widal 1:160, muhuri wa buluu, sahihi. Nikimwuliza anaumwa vipi, maelezo ni yale yale. Kichwa kinagonga upande mmoja, anatapika, hataki mwanga wala redio ya jirani, anashinda kitandani, kesho yake anaamka mzima. Wiki tatu baadaye, tena. Homa hana. Hicho ni kipandauso. Taifodi haiji siku moja ikaondoka, kisha ikarudi mwezi ujao.

Widal, kipimo cha taifodi, ilibuniwa mwaka 1896. Haimtafuti bakteria mwenyewe. Inapima kingamwili, na kingamwili hubaki damuni muda mrefu baada ya mtu kupona. Ikiwa uliwahi kuugua, uliwahi kuchanjwa, au umekutana na bakteria wa jamii hiyo, kipimo kinaweza kusoma chanya. Katika mitaa ambako bomba la maji limepita kando ya mtaro wa majitaka, ni wangapi hawajakutana nao? Kipimo kimoja cha Widal kwa mtu asiye na homa hakithibitishi chochote. Taifodi ya kweli ipo Eastlands, na inaua. Lakini huja na homa inayopanda siku baada ya siku, na huthibitishwa kwa kuotesha damu maabara kabla antibiotiki hazijaanza. Anayekuambia una “taifodi sugu iliyopanda kichwani” anakutibu ugonjwa ambao huna.

Kinachonikasirisha zaidi ni dawa zinazofuata karatasi hiyo. Mmoja anachomwa gentamaisini siku kadhaa, mwingine anapewa kloramfenikoli, na kichwa kikitulia chenyewe, kama kipandauso kinavyotulia, sifa zinakwenda kwa dawa. Mwezi ujao anarudi kuchomwa tena.

Kwa wengi hasara ni pesa, na bakteria wanaozoea dawa. Kwa wachache ni kubwa zaidi. Mitokondria, sehemu za seli zinazogeuza chakula na oksijeni kuwa nishati, zina asili ya bakteria, na hadi leo huunda protini zao kwa njia inayofanana na ya bakteria. Ndiyo maana kloramfenikoli huzuia kazi hiyo ndani ya mitokondria zetu pia. Gentamaisini inaweza kudhuru sikio la yeyote, lakini mtu mwenye badiliko la jeni za mitokondria katika nafasi ya 1555 anaweza kuwa kiziwi hata kwa dozi ya kawaida.

Magonjwa ya mitokondria humpata takriban mtu mmoja kati ya 5,000, na kipandauso ni miongoni mwa dalili zake za mara kwa mara, kwa kuwa ubongo hutumia nishati nyingi. Badiliko la nafasi ya 3243, lililotambuliwa Japani mwaka 1990, linaweza kuleta kwa mtu mmoja, au kwa ndugu wa tumbo moja, kipandauso, kisukari, uziwi wa mapema, degedege na hata hali inayofanana na kiharusi katika umri mdogo. Jeni za mitokondria hurithiwa kwa mama. Mwanamume anaweza kuugua, lakini hampi mtoto wake jeni hizo.

Basi usikurupuke. Kipandauso peke yake hakihitaji kipimo cha jeni. Lakini kama upande wa mama kuna uziwi wa ujanani, kisukari kwa watu wembamba, misuli dhaifu au kifafa, mweleze daktari wa neva yote kwa pamoja. Badiliko la 3243 huonekana vizuri zaidi kwenye mkojo kuliko kwenye damu, ambako hupungua kadiri umri unavyosonga.

Haraka haraka, mengine. Kula kwa wakati, lala kwa wakati, kunywa maji. Meza paresetamoli au ibuprofeni mapema, lakini siku za dawa zisifike 10 kwa mwezi, maana dawa zenyewe huzaa maumivu. Kipandauso kikija mara nyingi, uliza dawa ya kuzuia: propranololi kama huna pumu, amitriptilini, au riboflavini miligramu 400 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa mitokondria asipewe dawa ya valproeti bila daktari bingwa kuamua, kwani kwa baadhi huua ini. Na aliyewahi kupata kiharusi asitumie dawa za triptani. Kichwa kikija na degedege, kupoteza nusu ya kuona, udhaifu wa upande mmoja, kuchanganyikiwa, au homa na shingo ngumu, nenda Hospitali ya Mama Lucy Kibaki usiku huo huo, usingoje kemisti afungue.

Nanyi wenzangu wa maabara na kemisti: mgonjwa hana homa, msimpime Widal.