Propela Shafti Haina Kosa

"Fundi, nitolee propela." Hawaji kuniuliza gari lina nini, jibu wanalo, wanachotaka kwangu ni spana tu. Leo ni mwenye X-Trail wa hapa hapa Chanji, Sumbawanga, kesho mwenye Forester aliyetoka Laela, na malalamiko ni yale yale. Ukikata usukani mpaka mwisho gari linashika, linajikokota, halafu linaachia kwa kishindo. Au linakunywa mafuta. Jirani kamwambia: toa shafti ndefu inayokwenda nyuma, gari libaki kuvuta kwa mbele, yote yataisha.

Hayaishi. Na kwa baadhi ya magari ndiyo kwanza yanaanza.

Forester ya otomatiki ina klachi ya sahani nyingi kwenye mkia wa giaboksi, inayobanwa kwa oili ile ile ya giaboksi, ATF. Kichwa cha propela kinaingia ndani ya mkia huo na sili inakaa juu yake. Ukikichomoa ukaacha tundu wazi, ATF inamwagika barabarani na giaboksi inaifuata. Wapo wanaoziba tundu kwa mfuko wa nailoni na kipande cha tyubu. Nimewaona, sina la kuwaambia.

RAV4 ya 2000 hadi 2005, ile Kili Time inayovuta magurudumu manne, ina difu ya katikati. Tabia ya difu ni kupeleka mzunguko kule kusiko na mzigo. Toa propela, nyuma hakuna mzigo hata chembe, basi mzunguko unakimbilia huko na kupotea bure. Kinachobaki kusukuma gari ni kapulingi ya viskasi, kopo la mafuta mazito ya silikoni lililowekwa lisaidie kidogo kwenye utelezi, si kubeba gari zima mpaka Tunduma. Litachemka, litakufa. Forester ya gia za mkono nayo iko hivyo hivyo.

Uvumi umepata nguvu kwa X-Trail na RAV4 za kuanzia 2006, kwa sababu hizo ukizitoa propela zinatembea kweli. Mbele ya difu ya nyuma kuna kapulingi ya umeme: kompyuta inapeleka umeme kwenye koili, sumaku inavuta sahani ndogo, vigololi vinapanda kwenye mikunjo yao na kuzibana sahani kubwa, nyuma inaanza kusukuma. Sasa sikiliza. Ukienda kwenye lami iliyonyooka, umeme huo ni kidogo sana au haupo, na klachi imelegea. Gari tayari linavuta kwa mbele! Umelipa ufundi ili upewe ulichokuwa nacho. Meno ya transfa yanaendelea kuzunguka vile vile, kwa hiyo ulichookoa ni mzunguko wa bomba la propela, akiba ambayo hutaiona ukifika sheli. Mafuta yanaliwa na breki inayoshika, plagi zilizokwisha, sensa ya oksijeni iliyochoka na upepo mdogo kwenye tairi. Huko hakuna anayetaka nikuangalie.

Halafu mvua za Novemba zinaanza, na unashuka Ntendo kwenda Muze. Sumbawanga tuko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, Ziwa Rukwa liko karibu na mita 800. Kushuka utashuka. Kurudi, gari likiupanda mteremko wa Lyamba lya Mfipa, uzito unarudi nyuma na magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi; hayo mepesi ndiyo uliyoyaachia kazi yote, kwenye udongo mwekundu uliolowa.

Kumtoa propela mgonjwa wa kona ni kumkata mtu mguu kwa sababu kiatu kinambana. Kiatu chenyewe ni tairi. Mimi natazama tairi kabla sijafungua boneti, na mara nyingi siendi mbali zaidi ya hapo: mbele mpya, nyuma vipara, au saizi mbili tofauti kwa sababu ya mtumba uliopatikana sokoni.

Chukua 225/65R17. Ikiwa mpya, kipenyo ni kama milimita 724. Ikilika kutoka kina cha milimita 8 hadi 3, kipenyo kinapungua milimita 10, na tairi hiyo italazimika kuzunguka mara 6 zaidi kila kilomita. Kwa kilomita 100 ni mizunguko zaidi ya 600 ambayo mbele na nyuma hazikubaliani, na anayesuluhisha ugomvi huo ni klachi, kwa kusuguana. Subaru wanataka mizingo ya tairi zote nne isipitane zaidi ya milimita 6.4. Hiyo ni sawa na kina cha milimita moja tu! Jirani hakukwambia.

Tairi zikiwa sawa na bado linashika, nenda kwenye sakafu ngumu, uwanja wa sheli unatosha. Kwenye vumbi tairi zinateleza na ugonjwa unajificha, ndiyo maana mtu anaendesha mwaka mzima mitaani hajui. Kata usukani mpaka mwisho, zunguka taratibu bila kukanyaga mafuta. X-Trail, weka swichi kwenye 2WD urudie: ikiachia, klachi inafunguka, tafuta kwenye umeme unaoiamuru. Forester za otomatiki za gia nne zina kishikio cha fyuzi kilichoandikwa FWD. Weka fyuzi, taa iwake, zunguka tena. Ikiendelea kushika, solenoidi imekufa au sahani zimechimba ngoma yake. Asubuhi za Juni na Julai oili ni nzito. Mzunguko wa kwanza usiuamini.

Kwa X-Trail na RAV4 za 2006 kuendelea kuna kipimo cha mkono. Zima gari, weka P, zuia magurudumu mengine kwa mawe, inua gurudumu moja la nyuma, shusha hendibreki (wengi wanaisahau, kisha wanasema klachi imeganda), lizungushe. Likienda kwa uzito kidogo, kapulingi ni nzima. Likigoma kabisa, kapulingi imejifunga.

Mengine haraka. Mlio unaopanda na mwendo ni bearing, ya gurudumu au ile ya katikati ya propela. Kugonga ukianza kuondoka ni spaida au mpira wa difu. Taa za 4WD na ABS zikiwaka pamoja, anza na waya wa sensa ya gurudumu uliong'olewa na matope. Taa ya 4WD ikimeta baada ya kuhangaika kwenye tope, kapulingi imechemka: simama, acha ipoe, usizime kwa kukata waya. CR-V inayonguruma kwenye kona inataka oili ya Honda yenyewe kwenye difu ya nyuma, si namba 90. Mwaga, jaza, zunguka mara kadhaa, mwaga tena. RAV4 kitufe cha LOCK kinajitoa ukifika kilomita 40 kwa saa, hakijaharibika. Na likikufia Muze, lipandishe zima zima kwenye Fuso, usikubali livutwe magurudumu mawili yakiwa yananing'inia.