Likeni planasi: vipele vinavyowasha lakini haviambukizi

Msikilizaji, mtu akitokwa na vipele hapa kwetu Musoma, Bunda au Butiama, majirani huanza kubahatisha. Mmoja atasema upele, mwingine fangasi, wa tatu atanong'ona kuhusu VVU. Mwishowe mgonjwa anatengewa kitanda, taulo na hata kikombe. Leo tunaeleza ugonjwa wa ngozi usiostahili kutengwa hivyo: likeni planasi.

Utautambuaje? Ni vipele vidogo vyenye kichwa bapa, vinavyong'aa ukivitazama kwenye mwanga, na vinawasha sana. Kwenye ngozi yetu nyeusi huwa vya kahawia iliyokolea, kijivu au zambarau. Hutokea zaidi kwenye vifundo vya mikono kwa ndani, miundi, vifundo vya miguu na kiunoni. Ukijikuna, vipya vinaweza kujipanga palepale kucha ilipopita. Ndani ya mashavu huweza kuonekana mistari myeupe kama wavu wa dagaa, au vidonda vinavyochoma ukila pilipili.

Upele wa kuambukiza ni tofauti. Huo huwasha zaidi usiku, hupenda katikati ya vidole, na mara nyingi wengine nyumbani nao wanajikuna.

Unatoka wapi? Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inageuka na kushambulia ngozi yenyewe. Hauambukizwi kwa kugusana, kula pamoja wala kulala pamoja. Baadhi ya dawa, zikiwemo za presha na malaria, zinaweza kuleta vipele vinavyofanana navyo. Mweleze mtoa huduma dawa zote unazotumia, lakini usiache dawa mwenyewe. Baadhi ya wagonjwa pia hukutwa na homa ya ini aina ya C, hivyo daktari anaweza kuagiza upimwe damu.

Tiba ipo. Daktari huweza kutoa dawa ya kupaka yenye steroidi na vidonge vya kupunguza muwasho. Vipele vya ngozi mara nyingi huisha ndani ya mwaka mmoja au miwili. Vya kinywani hukaa muda mrefu zaidi.

Tatizo ni madoa meusi yanayobaki. Hapo ndipo wengi wanakimbilia mkorogo. Tunasisitiza: usipake. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini. Zebaki huharibu figo, na haidrokwinoni inaweza kuongeza weusi badala ya kuuondoa. Hata krimu ya steroidi, ukiitumia bila ushauri, hufanya ngozi kuwa nyembamba. Madoa hayo hufifia yenyewe taratibu.

Uende wapi? Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na ukihitaji, uliza rufaa ya hospitali ya mkoa mjini Musoma. KCMC, Moshi, ina kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili kichunguzwe mapema, kwani vichache huweza kugeuka saratani.

Na jirani yako akiwa na vipele hivi, mpe mkono na ule naye sahani moja.