Kwa nini sikuuziwa kilo mbili za karafuu

Mpenzi msikilizaji, Wafaransa wana desturi moja nzuri. Ifikapo mwisho wa wiki, watu wa mjini hufunga safari na marafiki zao kwenda sehemu zinazolima zabibu, kama vile Bordeaux. Hutembea shambani, huonja mvinyo, na wakati wa kurudi kila mmoja hununua chupa zake mbili tatu kwa mwenye shamba mwenyewe. Hapa Tanzania zabibu ziko Dodoma. Lakini mimi na marafiki zangu watatu, mmoja mwalimu, mmoja karani wa benki na mwingine fundi mitambo wa redio, msimu uliopita tuliamua kulifuata zao jingine, ambalo harufu yake humpokea mgeni kabla ya mwenyeji. Tulikwenda Pemba kuangalia karafuu.

Tulipanda boti Unguja siku ya Ijumaa, tukateremka Mkoani, na kutoka hapo tukachukua gari kupitia Chake Chake mpaka Wete. Njia nzima ni vilima na mabonde, na kila penye nyumba pana majamvi yametandazwa, karafuu zimeanikwa juu yake. Pengine huanikwa hata ukingoni mwa barabara ya lami. Mwenyeji wetu, mzee mmoja wa upande wa Mtambwe, alitukaribisha kwa muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga. Tulipomaliza kula akatuambia, "Wanangu, kesho alfajiri mje shambani. Lakini msije kutazama tu, mje na mikono."

Huenda wewe msikilizaji unatia karafuu katika pilau kila Ijumaa na hujapata kujiuliza ni kitu gani. Karafuu ni tumba la ua, yaani ua ambalo halijafunguka. Huchumwa linapoanza kugeuka rangi na kuwa jekundu kidogo. Ukichelewa siku chache ua hufunguka, na karafuu haina thamani tena. Kwa hiyo msimu ukifika hakuna kungoja, na hakuna mashine inayofanya kazi hiyo. Mchumaji hupanda juu ya mti, huvuta tawi na kukata vishada kimoja kimoja kwa mkono. Mkarafuu ni mti mrefu na matawi yake hukatika kwa urahisi. Kila msimu wako watu wanaoanguka, wengine wakavunjika, wengine wakafa. Mchumaji hulipwa kwa pishi, kwa hiyo anayekwenda polepole kwa ajili ya usalama hurudi nyumbani na fedha kidogo.

Jioni huja kazi ya kuchambua. Watu hukaa mkekani, wakubwa kwa wadogo, wakitenganisha karafuu na makonyo, yaani vile vijiti vyake. Makonyo hayatupwi. Huko Chake Chake kiko kiwanda kinachoyakamua mafuta, na mafuta hayo hutumika katika dawa, zikiwamo dawa za meno. Baada ya hapo karafuu huanikwa juani siku kadhaa mpaka zigeuke rangi ya kahawia na kukauka kabisa. Kilo tatu za karafuu mbichi hutoa kiasi cha kilo moja tu ya karafuu kavu.

Jumamosi mchana, tukiwa tumepumzika chini ya mwembe, wingu likatanda. Mzee hakusema neno. Alisimama tu, na watu wote wa nyumba wakakimbilia majamvi. Na sisi wanne tukakimbia, karani wetu wa benki akiwa na kiatu kimoja. Tulizoa karafuu na kuziingiza ndani huku matone ya kwanza yakianguka. Baadaye mzee alitueleza kwamba karafuu ikirowa huweza kuota ukungu na kupoteza rangi na mafuta, nayo hushushwa daraja, na kushushwa daraja ni kupunguziwa fedha. Mtu anaweza kupalilia mwaka mzima, akachuma salama, akachambua usiku kucha, kisha akapata hasara kwa mvua ya robo saa.

Jumapili, tukiaga, karani akatoa pochi yake. "Mzee, tuuzie kilo mbili tu, tukawaonjeshe watoto."

Mzee akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mwanangu, nikikuuzia, mimi na wewe sote tumevunja sheria."

Mwenzetu alidhani ni mzaha, lakini haukuwa mzaha. Mwenye shamba la zabibu anaweza kumuuzia mgeni mvinyo wake mlangoni. Mwenye mikarafuu wa Pemba hawezi. Tangu Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lilipoundwa mwaka 1968, ndilo lililopewa haki ya kununua karafuu kwa wakulima na kuziuza nje. Karafuu inayopita njia nyingine huitwa magendo.

Ili kuelewa kisa hiki yafaa turudi nyuma. Mikarafuu ililetwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said akahimiza ipandwe kwa wingi. Waliobeba uzito wa kazi hiyo walikuwa watumwa, mpaka utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1897. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo iliyokuwa ikitoa karafuu nyingi zaidi za Zanzibar. Hata habari ya mnunuzi mmoja haikuanza baada ya Mapinduzi ya 1964. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilikipa chama kimoja cha wakulima mamlaka makubwa juu ya biashara ya karafuu, wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma kuzinunua, na mgogoro huo haukutatuliwa mpaka mwaka 1938.

Mnunuzi mmoja ana sura mbili. Soko la dunia linapoanguka, anaweza kumkinga mkulima kwa bei inayojulikana. Lakini bei hiyo ikiwa ndogo, mkulima hana mlango mwingine wa kubisha. Kwa miaka mingi mteja mkubwa wa karafuu zetu alikuwa Indonesia, ambako huchanganywa na tumbaku katika sigara. Indonesia ilipopanda mikarafuu yake ya kutosha, katika miaka ya 1980 bei ya dunia iliporomoka. Wakulima wengi wakaiacha mikarafuu imezwe na magugu. Wengine, waliposikia kwamba ng'ambo ya pili, Kenya, kilo moja ina bei nzuri zaidi, walipakia magunia usiku katika ngalawa. Serikali ilileta adhabu kali na doria za baharini, lakini magendo hayakwisha.

Mwaka 2011 serikali ya Dk. Ali Mohamed Shein ilichukua njia nyingine. Ilipandisha sana bei ya mkulima na kuahidi kumlipa asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Karafuu zilizokuwa zikielekea baharini zikaanza kuelekea kwenye vituo vya kununulia. Doria peke yake haikuweza kufanya hivyo. Mimi naona fundisho liko wazi: mlinzi mwema wa karafuu ni bei ya haki, na askari anakuja baada yake. Atakayesahau hilo, bei itakapoanguka tena, atawakuta vijana wa Pemba wamehamia mjini na mikarafuu mizee imebaki bila mrithi. Mzee wetu ana watoto wanne wa kiume. Tuliyemkuta shambani ni mmoja.

Basi, msikilizaji, ukipata nafasi nenda Pemba. Usipande mti kwa ajili ya kupigwa picha, na usimtie mwenyeji wako majaribuni kwa kumwomba gunia la uchochoroni. Ukitaka kitu cha kurudi nacho, nunua mafuta ya makonyo yaliyotengenezwa Chake Chake. Na ukiona wingu, nyanyuka, saidia kuzoa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wazee pia husema, Pemba peremba, ukenda na joho utarudi na kilemba. Sisi tulirudi hata bila kilemba. Lakini nilipofungua begi nyumbani Jumatatu, mke wangu aliniuliza karafuu nimezificha wapi. Hazikuwamo. Ilikuwa harufu tu, imeganda katika shati nililokimbilia mvua.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.