Butoni ilijibu mu ordinatere, ikakataa ku telefone

Ndugu watumishi wa kariere, na ninyi wamama mwenye kungojea mushahara ku nyumba, leo tunaongea juu ya kosa letu wenyewe wa sendika.

Sheria ya kazi ya inchi yetu, ile ya 2002, inasema posho moja ya kazi ni masaa 45. Yenye kupita pale ni ya kuongeza, na lazima yalipwe. Vijana wawili, watoto wa watumishi, walitutengenezea paje ya intaneti: unaandika masaa uliyotumika, inakuhesabia, kisha unafinya butoni, na malalamiko yanafika ku delege.

Mbele ya kuifungua, walipima kode yake na jsdom, programu ya bure inayojifanya navigateri. Haina kioo, haionyeshi kitu ku macho. Inasoma paje, inajenga vipande vyake ndani ya ordinatere, na kode inazani iko mu navigateri ya kweli. Kijana anaandika kipimo: weka 52, finya butoni, jibu lazima liwe 7. Isipokuwa 7, kipimo kinaanguka. Vipimo vingi vinapita mu dakika kidogo, na hakuna mega inayoisha. Siku moja mmoja wao aliandika 40 pa nafasi ya 45. Jibu likatoka 12, kipimo kikamukamata palepale. Kama si vile, tungewadanganya watu juu ya feza yao.

Basi vipimo vyote vikapita, tukafungua paje. Posho mbili, hakuna hata lalamiko moja. Siye tukawaza watu wanaogopa wakubwa. Kumbe hapana. Mama mmoja akakuja ku biro na telefone ya bwana yake. Ku kioo kile kidogo, picha ya alama ya sendika ilikuwa imefunika butoni. Alifinya, akafinya, bure. Na mushahara wa mwezi ule ulishatoka bila masaa yake.

Sababu ni hii: jsdom haipangi vitu ku kioo. Ukiiuliza butoni iko na upana gani, inajibu 0. Picha ikifunika butoni, kwake ni sawasawa tu.

Wale waliojifunza kamiyo kubwa ku simulateri wanajua. Inakufundisha usukani na freni, lakini matope yanakungojea ku kariere. Hatuachi simulateri, ila hatuishii pale.

Sasa jsdom inapima hesabu kila mara kode inapoguswa. Kisha tunafungua paje ku telefone za kweli, tukianza na ile ya kioo kidogo kabisa, mu mikono ya mtu asiyeijua. Mama yule ndiye wa kwanza kupima.

Nawe uliyefinya mu zile posho mbili bila kupata jibu, usikae kimya. Kamata buletini yako ya mushahara, uende kwa delege wako. Masaa yako hayajapotea.