Kinga ya umeme nyumbani: Taa nyekundu peke yake hailindi televisheni

UMEME uliporejea saa mbili usiku, baada ya kukatika tangu alasiri, mtaa mzima ulishangilia kama ilivyo ada. Jirani yangu hakushangilia kwa muda mrefu. Televisheni yake ya bapa, ambayo haikuwa imetimiza mwaka, ilitoa mlio mdogo, ikanuka plastiki iliyoungua, na haikuwaka tena. Alichoshindwa kukielewa ni kwamba alikuwa ameichomeka kwenye ekstensheni yenye taa nyekundu, aliyouziwa kwa maelezo kwamba "inakata umeme ukizidi".

Siku ya pili fundi aliifungua ekstensheni ile mbele yetu. Ndani mlikuwa na vipande vya chuma vya kupitishia umeme, swichi, na kile kitaa. Hapakuwa na kitu kingine chochote.

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wana kisa kinachofanana na hicho. Kabla ya kwenda Kariakoo na fedha mkononi, ni vyema mnunuzi ajue kwamba umeme huharibu vifaa kwa namna zaidi ya moja, na kwamba kifaa kinachozuia namna moja hakizuii nyingine.

Namna ya kwanza ni msukumo wa ghafla. Radi ikipiga karibu na nyaya, au swichi kubwa ikifungwa na kufunguliwa kwenye njia ya umeme, volteji huruka kutoka 230 za kawaida hadi mamia au hata maelfu ya volti, kisha hushuka. Yote hayo hutokea katika sehemu ndogo mno ya sekunde, na hakuna jicho wala swichi ya mkono inayoweza kuuwahi msukumo huo. Kazi ya kuuzuia ndiyo kazi ya kinga ya msukumo, ile inayoitwa madukani saji protekta.

Moyo wa kinga hiyo ni kidude kidogo cha duara kiitwacho varista, kilichotengenezwa kwa oksidi ya zinki. Mwenye tangi la maji nyumbani atakielewa kwa kukumbuka lile bomba la pembeni, karibu na mfuniko. Maji yakiwa katika kiwango chake bomba halina kazi. Yakizidi, hutokea hapo badala ya kubomoa tangi. Varista nayo hukaa kimya volteji ikiwa ya kawaida. Volteji ikiruka, hufungua njia na kuupeleka umeme uliozidi kwenye nyutro au ardhini, kisha hujifunga tena.

Bomba hilo, hata hivyo, lilitengenezwa kwa maji ya muda mfupi tu. Hapo ndipo tunapoifikia namna ya pili, ambayo ni ya hatari zaidi na haizungumzwi sana.

Umeme unaopita mitaani huja kwa nyaya tatu za fezi na moja ya nyutro. Kati ya fezi na nyutro mna volti 230, na kati ya fezi na fezi mna volti 400. Nyutro ikikatika au ikilegea kwenye nguzo, nyumba zilizo kwenye fezi tofauti hujikuta zinagawana volti hizo 400 bila usawa. Nyumba moja taa hufifia. Nyingine taa hung'aa kupita kiasi, na volteji yake huweza kupanda kuelekea hizo 400. Hali hiyo haidumu kwa kufumba na kufumbua jicho. Inaweza kuendelea kwa dakika nyingi, au hadi mtu akate umeme.

Varista haiwezi kuhimili hali hiyo. Itaendelea kupitisha umeme, itachemka, na ikiwa imetengenezwa ovyo itawaka moto ikiwa nyuma ya kabati la televisheni. Kwa sababu hiyo kinga nzuri huwa na fyuzi ya joto ndani yake, inayoitenga varista kabla haijafikia hatua hiyo. Msomaji akiona taa za nyumbani zimeng'aa ghafla kuliko kawaida, asianze kuchomoa kifaa kimoja kimoja. Aende moja kwa moja kwenye meni swichi.

Kinachozuia umeme uliozidi au kupungua kwa muda mrefu ni kifaa cha aina nyingine, ambacho wengi tunakiita friji gadi hata kinapotumika kwa televisheni. Hiki hupima volteji wakati wote. Ikipanda juu ya kiwango kilichowekwa au kushuka mno, hukata kabisa, na hali ikitengemaa hungoja kabla ya kurudisha. Kungoja huko ndiko kunakoifaa friji. Kompresa iliyozimika ghafla huwa bado ina mgandamizo wa gesi upande mmoja; ikilazimishwa kuanza papo hapo hushindwa kuzunguka, huvuta umeme mwingi na kuungua. Muda wa dakika tatu hivi huiwezesha kuanza bila taabu.

Friji hudhurika pia kwa umeme mdogo, namna ya tatu, kwa kuwa mota yake huhangaika na kupata joto. Televisheni nyingi za siku hizi hazina tatizo hilo. Tazama kibandiko kilicho nyuma. Mara nyingi kimeandikwa volti 100 hadi 240, maana yake umeme ukishuka hadi 160 televisheni itaendelea kuonyesha picha bila kujali. Kwa hiyo anayeninunulia televisheni ya namna hiyo stabilaiza kubwa nisingemshukuru sana. Fedha hiyo ingetosha kununua kinga ya msukumo na kifaa cha kukata umeme uliozidi, na chenji ikabaki.

Sasa tuingie dukani. Jambo la kwanza ni kusoma boksi. Neno la kuvutia halitoshi, tafuta namba. Kinga ya kweli hutaja uwezo wake kwa juli, yaani kiasi cha nishati inachoweza kumeza kabla ya kuchakaa, au hutaja ampia elfu kadhaa za msukumo inazoweza kuhimili. Nyingi hutaja vyote viwili. Kwa televisheni na kompyuta, juli 1,000 au zaidi ni chaguo la busara. Zenye viwango vya kimataifa huonyesha pia alama Up, ambayo ni volteji inayobaki na kukifikia kifaa chako baada ya kinga kufanya kazi yake. Hapa namba ndogo ndiyo bora, na ikivuka volti 1,500 iache. Boksi lisilo na namba hata moja ni la ekstensheni ya kawaida, liwe na taa nyekundu au ya kijani.

Tahadhari na zawadi kutoka Marekani. Kinga iliyotengenezwa kwa matumizi ya huko imekusudiwa volti 120. Umeme wetu wa volti 230, ambao kilele cha wimbi lake hufikia takriban 325, kwake ni msukumo usiokoma. Itaungua mara tu itakapochomekwa, na adapta ya plagi haibadilishi jambo hilo.

Jambo la pili haliuzwi dukani, nalo ni waya wa ardhi, ule ambao mafundi huuita athi. Sehemu kubwa ya kazi ya kinga ni kuusukumia ardhini umeme uliozidi. Nyumba ambayo fimbo yake ya ardhi imeliwa na kutu, au ambayo waya huo haukuwahi kuunganishwa, huiacha kinga na njia moja tu, ya nyutro. Aidha, ile desturi yetu ya kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya miguu miwili iingie huondoa athi kabisa, mbali na hatari yake kwa watoto. Fundi mwenye leseni anaweza kuipima ardhi kwa muda mfupi. Akiwa hapo, anaweza pia kufunga kinga kubwa kwenye boksi la swichi, ili ile ndogo iliyo karibu na televisheni ipokee mabaki tu.

Radi nayo ina mlango wake wa pembeni. Waya wa dishi hutoka juu ya paa hadi kwenye king'amuzi, na king'amuzi kimeungana na televisheni. Kuilinda plagi na kuuacha waya huo ni sawa na kufunga mlango wa mbele na kuacha wa uani wazi. Ziko kinga zenye tundu la waya wa dishi na hata la intaneti. Lakini radi ikipiga nyumba yenyewe hakuna kinga ya kuchomeka itakayosaidia; wingu likitanda wakati wa masika au vuli, chomoa plagi na waya wa dishi pia, kabla ngurumo haijakaribia.

Usichomeke pasi, birika wala jiko la umeme kwenye kinga hiyo. Plagi ya ampia 13 ina mwisho wa takriban wati 3,000, na vifaa viwili vya joto huupita upesi.

Mwisho, varista huchakaa. Kila msukumo inaoumeza huipunguzia uhai, hata usiposikia mlio wowote. Ndiyo maana kinga nzuri huwa na taa ya pili, tofauti na ile ya swichi, inayoonyesha kwamba ulinzi bado upo. Taa hiyo ikizimika, soketi zitaendelea kutoa umeme kama jana, na televisheni itawaka kama jana. Nunua nyingine wiki hiyo hiyo.