Kusoma, Kukubali na Kuigiza: Istilahi za Mashine Kuukuu ndani ya Mashine Mpya

Katika Mkoa wa Morogoro zimo reli za vipimo vitatu. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, yapita Kilosa kwa upana wa milimita 1,000. Tawi lake litokalo Kilosa kwa njia ya Mikumi, lililofikishwa Kidatu katika miaka ya 1960, lina upana uo huo. Hapo Kidatu yapita reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ambayo upana wake ni milimita 1,067. Tena, tangu mwaka 2024, abiria wa Dodoma hupita Kilosa kwa reli ya tatu, yenye milimita 1,435. Baina ya reli mbili zikutanazo Kidatu tofauti ni milimita 67 tu, isiyofika upana wa kiganja. Hata hivyo behewa la reli moja haliwezi kuendelea juu ya nyingine. Ndiyo maana palijengwa kituo cha kupakua shehena huku na kuipakia kule.

Mambo ya namna hiyo huwapata watumiao mashine ndogo za michezo ya video, zile za kushika mkononi. Mtu ana kadi ya zamani na mashine mpya, naye ataka kujua kama vitapatana. Istilahi kama “upatanifu” haimsaidii sana, kwani haielezi kilichoshindikana ni nini. Lakini Kiswahili cha kila siku, hasa cha mafundi wa simu, kina semi tatu: haiingii, haisomi, haikubali. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba semi hizo zatenga mambo matatu yaliyo mbalimbali kweli, na kwamba kitenzi cha nne, kuigiza, chafaa kuongezwa.

Kwanza yafaa kueleza vitu vyenyewe. Katriji ya flashi ni kibweta chenye umbo la kadi halisi ya mchezo, ila hutumia kumbukumbu iwezayo kufutwa na kuandikwa upya. Mwenyewe hutia humo programu azitakazo, na mashine huidhania kuwa kadi iliyotoka kiwandani. Emuleta ni programu ifanyayo kazi za mashine ya zamani ndani ya mashine nyingine, hata mchezo ukaendeshwa kana kwamba umo katika mashine yake ya asili.

Haiingii ni habari ya umbo. Nintendo DS ya mwaka 2004 ilikuwa na matundu mawili, moja la kadi zake na jingine la kadi za Game Boy Advance, mashine ya mwaka 2001. DSi, iliyotolewa Japani mwaka 2008, haikuwa na tundu hilo la pili. Basi katriji za flashi zenye umbo la Game Boy Advance zilikosa pa kuingia. Haisomi ni habari ya mpangilio wa data. Katriji iitwayo R4, katika toleo lake la kwanza, haikuweza kutumia kadi za kumbukumbu za aina ya SDHC, zizidizo GB 2: ziliingia bila taabu, lakini hazikusomeka. Haikubali ni habari ya idhini. Katriji nyingi za DS ziliingia katika DSi vizuri, lakini mashine ilizitambua kuwa si kadi halali, ikakataa kuzianzisha. Watengenezaji wakatoa nyingine zilizojitambulisha kwa jina la mchezo halali. Kampuni nayo ikabadili programu ya mashine, zikakataliwa tena.

Ama kwa emuleta, huenda wengine wakaona kwamba “kiigaji”, litokanalo na kuiga, latosha. Lakini kuiga ni kufuata mfano tu: mtoto aweza kumwiga babaye pasipo mtu wa kumtazama. Kuigiza huhitaji hadhira. Mwigizaji hushika nafasi ya mwingine mbele ya watazamaji, ingawa sura zao hazifanani. PPSSPP, iliyoanza kutolewa mwaka 2012, hushika nafasi ya PSP ya Sony ya mwaka 2004 ndani ya simu isiyofanana nayo. Kwa hiyo “kiigizi” ni jina lifaalo zaidi. Tena kitenzi hiki chaleta swali la lazima: mbele ya nani? Katriji ya flashi huigiza kadi mbele ya mashine. Kiigizi huigiza mashine mbele ya mchezo.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila mchezo wa zamani katika mashine mpya waigiziwa. Nintendo 3DS ya mwaka 2011 huendesha michezo ya DS kwa vichakataji vya jamii ile ile ya zamani vilivyomo ndani yake. Huko ni kusoma. Nako kuigiza hakukosi hasara: PocketNES, kiigizi cha NES kwa Game Boy Advance, chapaswa kuonyesha picha ya mistari 240 katika kioo chenye mistari 160.

Kazi ya Kidatu ni nyingine tena, nayo ni kuhamisha: shehena huvuka, mabehewa hubaki. Hapa jambo lawahusu wanaisimu wenyewe. Anakiliye orodha ya maneno kutoka disketi kuukuu amehamisha. Na kama programu iliyoiandika haipo tena, herufi zaweza kuvuka na mpangilio wa vidahizo ukabaki nyuma. Hapo hutakiwa kiigizi cha kompyuta ya zamani. Haki ya kunakili ni swali la pekee, litawaliwalo nchini Tanzania na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Mtunza maktaba akiandika kwamba disketi “haipatani”, fundi hajui aanzie wapi. Akiandika haiingii, itatafutwa mashine yenye tundu lake. Akiandika haisomi, utachunguzwa mpangilio wa data. Akiandika haikubali, itaombwa idhini. Istilahi rasmi zingefaa kuzilinda tofauti hizo ambazo mafundi wamekwisha kuziweka.