Kiwele Kilichofungwa: Maneno ya Afya Juu ya Pakiti za Vyakula

Waarabu wa zamani walikuwa na hila moja sokoni. Mtu aliyetaka kumuuza kondoo au ngamia wake alikifunga kiwele cha mnyama na kumwacha siku mbili tatu bila kumkama. Maziwa yalijaa, kiwele kikavimba, na mnunuzi alipomtazama mnyama alihesabu kichwani mwake maziwa atakayoyapata kila asubuhi. Muuzaji hakusema uongo. Hakuapa, wala hakutaja idadi ya vibaba. Pengine hata kinywa hakukifungua. Kiwele ndicho kilichosema kwa niaba yake. Mtume (s.a.w.) alilikataza jambo hilo, na katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim akampa mnunuzi hiari: akishamkama mnyama na kuujua ukweli, ama abaki naye akiridhika, ama amrudishe pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyoyakama. Wanavyuoni wa fiqhi wanaliita jambo hili tasriya, na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii ni haramu.

Tumeanza na mnyama wa jangwani kwa sababu kiwele hicho tunakiona leo kimefungwa upya katika maduka yetu, tangu Vanga hadi Lamu. Safari hii kimefungwa kwa karatasi ya kung'aa. Pakiti ina picha ya chungwa lililokatwa linalodondoka maji, ina moyo mwekundu, ina mtoto anayecheka akionyesha misuli yake. Chini yake yameandikwa maneno: yaongeza nguvu, yalinda moyo, yana vitamini, hayana kolesteroli. Mengi ya maneno hayo, ukiyachukua moja moja, ni kweli. Na hapo ndipo ulipo ugumu wake, kwa kuwa uongo mtupu hukamatika upesi, lakini kweli iliyopangwa ili kumpotosha mtu huishi rafuni miaka mingi.

Tutoe mfano mmoja uliofika mahakamani. Mwaka 2004 huko New Zealand, wasichana wawili wa shule, wenye umri wa miaka 14, walipima kiasi cha vitamini C katika vinywaji mbalimbali kwa ajili ya somo lao la sayansi. Miongoni mwa vinywaji hivyo kilikuwamo Ribena, ambacho wengi wetu tunakijua. Tangazo lake lilisema kwamba yale matunda madogo meusi yanayotengenezewa kinywaji hicho yana vitamini C mara nne zaidi ya machungwa. Wasichana walikuta kwamba kinywaji kilicho tayari kunywewa hakina vitamini hiyo ila kidogo mno. Habari ikaifikia tume ya serikali inayosimamia biashara ya haki, nayo ikapima yenyewe. Mwezi Machi 2007 kampuni ya GlaxoSmithKline, iliyokuwa mwenye kinywaji wakati huo, ilikiri makosa 15 na ikatozwa faini ya dola 217,500 za nchi hiyo.

Litazameni vizuri lile tangazo. Lilizungumza juu ya tunda, na anayenunua hanunui tunda, ananunua kinywaji. Sifa ya tunda ilivikwa chupa. Hiyo ndiyo tasriya yenyewe, na waliokifungua kiwele walikuwa watoto wawili wenye vifaa vya maabara ya shule.

Jikoni kwetu hatuna maabara, lakini tuna upande wa nyuma wa pakiti. Upande wa mbele huandikwa na watu wa matangazo. Wa nyuma huandikwa kwa kulazimishwa na sheria, ndiyo maana herufi zake ni ndogo kama mayai ya chawa. Huko hupangwa viambato vyote kwa uzito: kilicho kingi zaidi hutajwa kwanza, kilicho kichache hutajwa mwisho. Ikiwa unga wa juisi wa kuchanganya na maji umetaja sukari kwanza, na unga wa tunda uko karibu na mwisho pamoja na rangi na harufu, basi hiyo ni sukari iliyotiwa rangi, na picha ya embe ni pambo tu. Sukari nayo ina lakabu nyingi. Glukosi ni sukari, fruktosi ni sukari, na shira ya mahindi ni sukari. Mtengenezaji anaweza kuigawa katika majina matatu ili kila moja lishuke chini katika orodha.

Kisha tazameni kipimo. Jedwali la virutubishi mara nyingi huhesabu mililita 100, na hakuna anayekunywa mililita 100. Chupa ya nusu lita ikiwa na gramu 11 za sukari katika kila mililita 100, basi ndani yake mna gramu 55, nazo ni karibu vijiko 14 vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilisema sukari ya namna hii isizidi takriban gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na nusu ya hapo ni bora zaidi. Chupa moja ya wakati wa kufuturu imekwisha kupita mpaka, na bado hatujazigusa kaimati.

Mwenye ugonjwa wa sukari ajihadhari zaidi na maneno "haina sukari iliyoongezwa". Maana yake ni kwamba kiwandani hawakuongeza. Sukari ya tunda lenyewe imo, na likishakamuliwa huingia katika damu kwa haraka. Juisi ya boksi isiyoongezwa kitu inaweza kumpandishia mgonjwa sukari kama soda.

Juu ya mafuta ya kupikia yasiyo na kolesteroli hatuna maneno mengi. Kolesteroli ni kitu cha wanyama; mafuta ya mimea hayana tangu kuumbwa kwake, na kuyasifu kwa hilo ni kama kuyasifu maji kwamba hayana mifupa. Swali linalofaa ni kiasi cha mafuta yanayoganda, ambayo ndiyo huipandisha kolesteroli mwilini, na katika mafuta ya mawese ni kama nusu nzima. Mkate wa rangi ya kahawia nao, wakati mwingine rangi hiyo ni ya sukari iliyounguzwa, si ya ngano isiyokobolewa. Orodha ya nyuma itawaambieni.

Lakini linalotukera zaidi linapatikana karibu na misikiti yetu kuliko katika maduka makubwa. Ni zile chupa na kopo zinazouzwa kwa jina la Sunna: habasoda, asali, mchanganyiko wa mitishamba na tende, zikiwa na picha ya Kaaba au kuba la kijani, na chini yake orodha ya maradhi. Sukari, presha, figo, saratani, ugumba. Vyote vinaponywa na kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni. Akina mama hutujia baada ya darsa wakiuliza iwapo ni udhaifu wa imani kuendelea na dawa za hospitali ilhali hadithi imetaja habasoda. Swali hilo halikuzuka lenyewe, limepandwa na lebo.

Tunaiamini hadithi ya habasoda, nayo imo katika Bukhari. Tunaiamini aya ya Sura an-Nahl inayotaja kwamba katika asali mna ponyo kwa watu. Ila wanavyuoni hawakuzisoma nasi hizi kama muuzaji anavyozisoma. Al-Khattabi, ambaye Ibn Hajar amemnukuu katika Fat'h al-Bari, alieleza kwamba tamko la hadithi ya habasoda ni la jumla lakini linalokusudiwa ni baadhi ya maradhi. Na ipo hadithi kwa Abu Daud na wengineo kwamba anayejifanya tabibu bila kujulikana kuwa ana elimu ya tiba, basi ana dhamana ya madhara atakayoyaleta. Muuzaji aliyeandika "huponya kisukari" juu ya chupa amejitia katika dhamana hiyo, hata akiwa na ndevu hadi kifuani.

Mwenye sukari akiacha sindano ya insulini kwa ajili ya chupa, anaweza kufa kwa siku chache. Mwenye presha akiacha vidonge vyake hasikii kitu, hujiona amepona, mpaka siku anapopooza. Na asali, pamoja na baraka zake, zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni sukari. Asali hiyo asipewe kabisa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata kwa tahniki, kwani inaweza kubeba mbegu za kijidudu ambacho utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kukishinda, na sumu yake hulegeza misuli mpaka pumzi. Tahniki ifanywe kwa tende, kama ilivyopokewa.

Kwa wachanga pia kuna maziwa ya kopo yanayotajwa kuwa karibu sawa na ya mama. Qur'ani imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, na sheria ya Kenya ya mwaka 2012 imekataza kuyatangaza maziwa hayo kwa umma. Mama asiyeweza kunyonyesha hana lawama, na aongozwe na mhudumu wa afya, si na kopo.

Huenda mtu akasema: mbona pakiti ina alama ya ubora, na nyingine ina alama ya halali? Alama ya halali inazungumzia vilivyomo na namna vilivyotengenezwa kwa mizani ya sharia. Alama ya ubora inazungumzia kiwango cha bidhaa. Hakuna kati ya hizo inayothibitisha kwamba kilichomo ndani kinatibu ugonjwa.

Pakiti iliyokwisha kuliwa hairudishwi kama kondoo, lakini mnunuzi wa leo naye ana haki. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa, na Sura ya 254 ya sheria za nchi inakataza kuuza chakula kwa lebo ya kupotosha. Mwenye shaka aiweke pakiti na risiti, aipige picha lebo pande zote, kisha apeleke malalamiko kwa Shirika la Viwango au kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti. Amwulize pia mwenye duka, kwa adabu, maana mara nyingi naye hajawahi kuigeuza pakiti.

Na kwa walimu wa madrasa tuna ombi. Watoto wengi wanakaribia umri wa wale wasichana wa New Zealand. Katika somo moja la fiqhi ya biashara, mnapofika mlango wa tasriya, waambieni kila mmoja aje na pakiti tupu kutoka jikoni kwao, wasome nyuma yake kwa sauti, na wahesabu vijiko vya sukari. Inafaa lifanyike mwezi wa Shaabani, kabla akina mama hawajanunua vitu vya Ramadhani.